Maswali Yenu: Mwanamke Madhabahuni, kwa Mara ya Ngapi?

SWALI: Mwalimu, 1 Timotheo 2:12 inasema wazi, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha." Tunabishana nini kuhusu wachungaji wanawake?

JIBU: Tunabishana kwa sababu mnasoma mstari mmoja na kufunga kitabu. Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 11:5, anataka mwanamke afunike kichwa anaposali au kuhutubu. Utampangiaje mavazi ya kuhutubu mtu uliyemkataza kufungua mdomo? Halafu sura ya 14 anasema wanyamaze. Hapo pana kazi ya kufanya, wala haimalizwi kwa kupiga meza. Nusu ya mstari uliyoikata inasema "wala kumtawala mwanamume", na neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kumtawala", authentein, halipo mahali pengine popote katika Agano Jipya, ndiyo maana hata maana yake wanaigombea. Mimi niko na wanaosema Paulo alikuwa anazima moto wa Efeso, yaani vurugu za kanisa la mji alikokuwa Timotheo, si kuweka sheria ya makanisa yote. Wanaonipinga wana mstari wa 13, "Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza", na ni hoja nzito, maana Adamu hakuzaliwa Efeso. Nipingeni kwa huo. Ila msinitumie tena nusu mstari.

SWALI: Askofu awe "mume wa mke mmoja". Mwanamke atakuwaje mume?

JIBU: Kwa hesabu hiyo mseja naye hafai, na Paulo mwenyewe angeishia mlangoni.

SWALI: Nitajie kwa jina mwanamke mmoja aliyekuwa na cheo katika kanisa la kwanza.

JIBU: Fungua Warumi 16. Fibi wa Kenkrea anaitwa "mhudumu" katika Biblia ya Union. Neno lenyewe ni diakonos, lilelile ambalo likifika Wafilipi 1:1 linakuwa "mashemasi". Shuka mpaka mstari wa 7: "Androniko na Yunia", maarufu miongoni mwa mitume. Kiswahili chetu hakitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume, kwa hiyo wengi wamempita Yunia miaka yote wakidhani ni kijana fulani. Wapo wanaosema alifahamika tu kwa mitume, hakuwa mmoja wao. Lakini John Chrysostom, mhubiri wa karne ya 4 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake na hakuwa mtetezi wa wanawake hata kidogo, alishangaa kwamba mwanamke huyu alistahili kuitwa mtume.

SWALI: Mchungaji wa kike akiwa katika siku zake anaweza kushika kikombe?

JIBU: Yesu aliguswa na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamwita "binti". Tuendelee.

SWALI: Kwa nini Wakatoliki hawataki mapadre wanawake na wanasoma Biblia hiyohiyo?

JIBU: Hoja yao si ya Timotheo tu. Mwaka 1994, katika waraka Ordinatio Sacerdotalis, Papa Yohane Paulo II alisema Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Sikiliza vizuri: "halina mamlaka". Msingi wake ni kwamba Kristo aliwachagua Thenashara wanaume. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, waliolitoa kanisa la Saddleback katika umoja wao mwaka 2023 kwa kuwa na mchungaji mwanamke, hawana upadre kabisa. Wao ni Timotheo. Ukimrushia Mkatoliki Fibi, umejibu swali ambalo hakuuliza.

SWALI: Mchungaji wetu akisafiri, mkewe anahubiri na kuongoza Meza ya Bwana. Je, naye ni mchungaji?

JIBU: Nani alimwekea mikono? Hapa ndipo ninapokosana na wenzangu tunaotetea wanawake. "Mama mchungaji" ni jina la heshima. Mke wa daktari mnaweza kumwita mama daktari mkitaka, lakini hakuna atakayemkabidhi kisu cha upasuaji. Kama mama huyo ana wito, apelekwe chuo, asome, afanyiwe usaili, abarikiwe kwa jina lake mwenyewe. Nimemwona binti aliyemaliza theolojia, Kigiriki anakisoma, akipangiwa kutangaza matangazo huku mama mchungaji, ambaye hajawahi kufungua darasa, akipanda mimbarani. Hilo ndilo mnaliita kuwainua wanawake? Na kwa wanaume ni vilevile: aliyejipaka mafuta mwenyewe na kujiita mtume, muulizeni nani anaweza kumsimamisha kazi akikosea. Na hili hukuuliza, lakini chukua: baba akiwa mchungaji, mama msaidizi, mtoto mweka hazina, hilo ni duka la familia. Shikeni mifuko yenu.

SWALI: Mimi ni binti, nina hakika nimeitwa, kanisa langu halibariki wanawake. Nihame?

JIBU: Usihame kwa hasira, na usifungue kanisa sebuleni. Tafuta kwanza habari za Florence Li Tim-Oi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa shemasi Mwanglikana huko Macau, mji uliojaa wakimbizi, na padri hakuweza kufika kuwapa Komunyo. Januari 1944 askofu wake akambariki kuwa padri, wa kwanza mwanamke katika Uanglikana. Vita vilipokwisha wakubwa wakakasirika. Mwaka 1946 akarudisha leseni yake ili askofu asiumie, lakini upadre hakuukana. Akakaa hivyo mpaka 1971, dayosisi ya Hong Kong ilipomtambua kuwa padri. Miaka 25, binti yangu. Kasome theolojia kwanza, kisha usome katiba ya kanisa lako kifungu kwa kifungu. Ukiona mlango umefungwa kwa mafundisho, si kwa mazoea tu, nenda kwa mchungaji wako umuage kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajasikia kwa wanakwaya.