Jiko la koili na umeme hafifu wa jioni

Ndugu yangu wa Gulu, umesema jiko lako la koili limepimwa likavuta ampea 5 kwa volti 240, nawe wataka kujua ukinzani wake, yaani jinsi koili inavyozuia umeme kupita, na nguvu yake. Ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea: 240 ÷ 5, yaani omu 48. Nguvu ni volti mara ampea: wati 1,200. Kwa saa moja mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, itakukata uniti 1.2 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja).

Sasa lile linalokusumbua, maharage kuchelewa kuiva jioni. Umeme ukishuka hadi volti 200, koili hubaki karibu omu zilezile 48. Ampea zinakuwa 200 ÷ 48, kama 4.2, na nguvu inaanguka hadi wati 833 hivi. Volti zimepungua sehemu moja ya sita tu, lakini joto limepungua karibu theluthi! Usinunue koili mpya. Mimi nilinunua, na maharage yakachelewa vilevile.

Kabla ya kupima omu, chomoa plagi. Na ule weusi uliouona kwenye soketi, tafadhali, usiitumie tena. Mara nyingi ni waya uliolegea, na moto huanzia hapo. Mwite fundi umeme mwenye kibali leo hii.