Wasomaji Wanauliza: BMW 330i ya Zamani Yenye Kilomita Nyingi

Maswali mengi tuliyopokea yanahusu gari moja: BMW 330i ya toleo la E46, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2006, yenye injini ya M54 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,979 na nguvu farasi 231. Chuma cha gari hili ni kigumu. Kinachokufa ni plastiki na mpira, na majibu mengi hapa chini yanarudi hapo.

Swali: 330i yangu ya 2003 imefika kilomita 238,000. Maji yanapungua kidogo kidogo lakini mshale wa joto haujawahi kupita katikati. Fundi anataka kutoa themostati ili injini ipoe zaidi. Nimruhusu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usimruhusu. Tuanze na huo mshale, maana ndio unaowaponza wengi. Umepangwa kukaa katikati joto likiwa popote kati ya nyuzi 75 na 115 hivi. Ukiuona unapanda, injini imeshachemka. Nunua kisomaji kidogo cha OBD, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu, usome joto halisi. Kwenye mwendo wa kawaida, nyuzi 95 hadi 100 na kidogo si tatizo kwa injini hii, kwani ndivyo ilivyoundwa. Ikipita 110 na kuendelea kupanda, egesha na uzime.

Themostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ya M54 hufunguka yenyewe kwenye nyuzi 97, na ndani yake mna hita ndogo ambayo kompyuta ya injini huiwasha ili ifunguke mapema gari linapovuta kwa nguvu. Ukiitoa, injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba ni asubuhi, taa ya injini inawaka kwa kosa la P0128, na petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Na maji yataendelea kupungua vilevile, kwa sababu yanavuja.

Tafuta ukoko wa rangi nyeupe au buluu sehemu hizi: mshono wa tangi la maji, shingo ya plastiki ya rejeta inapoingia hozi ya juu, viungio vya hozi vyenye o-ringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji), na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Ukipata sehemu moja imepasuka, nyingine nazo ziko njiani, kwa hiyo usibadilishe kimoja kimoja. Nunua kwa mkupuo mmoja rejeta, tangi na mfuniko wake, pampu, themostati pamoja na nyumba yake, hozi ya juu na ya chini, belti na puli zake. Sisi tunashauri kazi hii irudiwe kila kilomita 100,000 au miaka minane, na kwa joto la Pwani hata mapema. Tangi la mtumba kutoka Sharjah ni hasara: plastiki yake ina umri uleule wa hiyo uliyoitupa.

Kama gari lako lina feni inayozungushwa na belti, nati yake ni ya spana 32 na uzi wake ni wa kushoto, yaani inalegezwa kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine hukazwa. Mafundi wasiojua hilo hugonga nyundo mpaka puli inapinda. Pampu imeshikwa na nati nne za spana 10. Ukishazitoa haitatoka kwa kuvuta, na ukiichokonoa kwa bisibisi utakwaruza aluminiamu inapokaa o-ringi. Ina matundu mawili yenye uzi: ingiza bolti mbili za M6, kaza hii nusu mzunguko, kisha ile, nayo itajisukuma nje taratibu. Pampu mpya ilowanishe o-ringi kwa kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini), si grisi, na nati zikazwe kwa Nm 10 tu, kipimo kinachosomwa kwenye spana ya toki.

Mfumo mzima unachukua lita 8.4: nusu kulanti ya G48 ya rangi ya buluu, nusu maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima ya Pwani yana chumvi, nayo hula aluminiamu. Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi. Inua pua ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani kwenye kasi ndogo, legeza skrubu ya hewa iliyo pembeni ya mfuniko wa tangi, kisha mimina polepole mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila mapovu. Skrubu hiyo ni ya plastiki, ikaze kwa upole. Injini ikishapoa kabisa, ncha ya kijiti cha ndani ya tangi iwe sawa na mdomo wa tangi au juu yake kwa sentimita mbili, isizidi.

Tunasisitiza haya kwa sababu bloku ya M54 ni ya aluminiamu. Ikichemka sana, nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi hung'oka kwenye bloku. Gasketi mpya peke yake haitaponya hapo. Itabidi bloku itobolewe na kutiwa nyuzi za chuma aina ya Time-Sert, hedi isawazishwe, na bolti ziwe mpya, kwa kuwa zile za zamani zimeshavutika.

Swali: Injini inakula lita moja ya oili kila kilomita 1,500 na asubuhi inatoa moshi wa buluu. Ni pete za pistoni? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Huenda, lakini usifungue injini kabla ya kupima vali ya kupumulia injini, ile iliyofichwa chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ndani yake mna utando wa mpira. Ukichanika, manifoldi hunyonya mvuke wa oili moja kwa moja na kuuchoma. Washa injini, iache bila kukanyaga mafuta, na ufungue mfuniko wa oili. Ukiwa mgumu kutoka kwa sababu ya mnyonyo, na injini ikayumba sana, au mluzi uliokuwa ukisikika ukakatika, utando umechanika. Mwenye geji apime kwenye tundu hilo: mnyonyo unaotakiwa ni milibari 10 hadi 15. Badilisha vali pamoja na mabomba yake manne, kwa sababu mabomba ya zamani huvunjika mkononi kama biskuti.

Kabla ya hapo, angalia nje. Gasketi ya nyumba ya filta ya oili huvuja mbele ya injini, oili ikidondokea altaneta na belti. Bolti zake zinakazwa Nm 22. Gasketi ya mfuniko wa vali huvujia kwenye visima vya plagi na kuifanya injini imisi. Bolti zake ni Nm 10. Anayezikaza kwa nguvu ya mkono hupasua mfuniko, nao ni wa plastiki.

Ukimaliza yote hayo na oili bado inaliwa, basi pete za kukwangua oili zimeganda, tatizo linalojulikana kwenye injini hii ya lita tatu. Chanzo kikubwa ni kukaa na oili moja muda mrefu mno. Weka lita 6.5 za oili yenye kibali cha BMW LL-01, badilisha kila kilomita 8,000, na pima kijiti kila unapojaza petroli. Bolti ya kumwagia na mfuniko wa filta vyote ni Nm 25.

Swali: Mashine inasoma P0171 na P0174, na gari halina nguvu mpaka lipite mizunguko 3,000. Nimeshabadilisha sensa za oksijeni. (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Makosa hayo mawili yanasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Yakija pamoja, aghalabu hewa inaingia bila kupimwa, na sensa hizo zilikuwa zikieleza ukweli. Kunja kwa mkono mpira unaounganisha sensa ya hewa na throto. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Kisha toa vali ya DISA, inayobadilisha njia ya hewa ndani ya manifoldi, iliyo ubavuni mwake, ambayo imeshikwa na bolti mbili za Torx T40. Sukuma kibao chake kifunge, ziba tundu lake kwa kidole gumba: kikirudi chenyewe, utando wake umekufa. Kibao kikicheza kwenye ekseli yake, usikirudishe hata kwa siku moja. Pini yake ikichomoka huingia kwenye silinda, na hapo injini imekwisha.

Ukosefu wa nguvu chini ya mizunguko 3,000 mara nyingi ni sili za VANOS, kifaa kinachogeuza muda wa kufunguka kwa vali. Mpira wake wa asili hukakamaa kwa joto na shinikizo la oili linapotea. Sili za vaitoni zinauzwa kwa seti, huna haja ya kununua kifaa kizima.

Swali: Nimeonyeshwa 330i ya 2004, imepakwa rangi upya na inang'aa. Niangalie nini kwanza? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Chini, nyuma. Kwenye E46 fremu ndogo inayobeba difu imefungwa kwenye bati la sakafu kwa sehemu nne, na bati hilo hupasuka, hasa likibeba injini yenye nguvu. Lipandishe gari, sugua sehemu zote nne kwa brashi na mafuta ya taa, umulike kwa kurunzi. Ufa huanza mwembamba kama unywele pembeni ya tundu la bolti. Sikiliza pia upande wa nyuma wa gari ukipiga "kong" dereva anapoachia klachi. Nyufa ndogo huzibwa kwa kulehemu na kuongezwa mabamba ya kuimarisha, bushi zote nne zikabadilishwa humohumo kwa kuwa fremu imeshashushwa. Bati likiwa limechanika na kuvutika, au muuzaji amepaka lami nyeusi mpya sehemu hizo tu, achana na gari hilo.