Vitabu vya bure vya makumbusho

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wako wanaweza kusoma kuhusu vyombo vya kale bila kununua vitabu. Wanaweza, na ni halali kabisa. Anzia Metropolitan Museum ya New York: ukurasa wao wa MetPublications una vitabu na katalogi kuanzia 1964, na vingi unapakua PDF nzima. Makumbusho ya Getty ya Los Angeles pia wana Virtual Library, yaani maktaba ya mtandaoni, nzuri sana kwa vyungu na sanamu za Wagiriki na Warumi. Mafaili ni mazito, tafuta waifai yasije yakamaliza bando. Ila tafadhali, wapeleke kwanza Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale hapa Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey kuanzia 1937. Historia yetu isiwe ya kusoma mwisho.