Faida Yangu Ilikuwa Inaishia Jikoni

Juzi dada mmoja wa Usa River, mwenye tanuri la mikate, aliniandikia: "Kaka, hayo mambo ya mazingira waachie wafadhili. Sisi tunatafuta hela." Nilimjibu kwa kifupi, lakini usiku sikulala vizuri. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2023, na yalinigharimu.

Nina mgahawa hapa Moshi, jirani na Soko la Mbuyuni. Mtori, wali maharage, ndizi nyama. Wakati ule nilikuwa pia napikia chuo kimoja chakula cha mchana, sahani 180 kila siku ya kazi. Hela ya chuo ndiyo iliyolipa kodi ya pango na ada za watoto. Serikali ikatangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Nilisikia redioni, nikasema yatapita. Desemba, wakati wa kuhuisha mkataba, fomu ikaja na swali: unapikia nishati gani? Nikaandika mkaa. Kazi akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kuunga maharage. Mpaka leo nikipita lile geti moyo unaniuma.

Kwa uchungu ule nikanunua daftari, nikaazima mzani wa muuza viazi. Wiki mbili nikapima kila gunia lililoingia na kila ndoo ya taka iliyotoka. Nilikuwa nachoma magunia matatu kwa wiki, na kila gunia ukifika chini unakuta karibu ndoo nzima ya chenga na vumbi, niliyoilipia kama mkaa. Maharage yalikaa motoni saa tatu kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuyaloweka jana yake. Sufuria nusu hazina mifuniko. Maganda ya ndizi, viroba vinne kwa siku, nilikuwa namlipa kijana wa mkokoteni akayatupe.

Bibi yangu kule Kibosho angenishangaa. Kihambani kwake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ganda lilikwenda kwa ng'ombe, samadi ikarudi kwenye mgomba. Hata kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini ya mji wanachoma makapi ya miwa wapate umeme. Kiwanda kizima hakitupi makapi, mimi wa sufuria sita nilikuwa natupa!

Miezi ya kuhangaikia mtaji sitaieleza. Vikoba vyetu vilinikopesha, nikanunua majiko mawili makubwa ya gesi. La mkaa likabaki moja, jiko banifu lisilokula mkaa mwingi, la kuchomea nyama. Maharage yanalowekwa saa mbili usiku bila mjadala. Maganda anayachukua mama mmoja wa Rau mwenye ng'ombe wawili, na asubuhi ananiletea maziwa ya chai kwa bei ya kirafiki. Kufika Juni, daftari lilionyesha nishati imeshuka kutoka shilingi 210,000 kwa wiki hadi 120,000. Kwa mwezi, hiyo ni karibu mishahara ya wasaidizi wangu wawili. Sioni aibu kusema najivunia daftari lile kuliko mgahawa wenyewe.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Pimeni. Usianze na bango la "tunatunza mazingira" mlangoni, anza na mzani. Andika kila siku, hata siku ya mauzo mabaya, hasa siku hiyo. Ukishabadilisha kitu, pima tena. Na sheria ukiisikia redioni, usingoje ikukute mlangoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kama unauzia shule, hoteli au kampuni za kupandisha wageni mlimani, lile swali la fomu litakufikia. Mimi lilinikuta sina jibu.

Dada wa Usa River, kesho kabla hujawasha tanuri, pima mzigo wa kuni. Jioni hesabu mikate iliyotoka, na iliyoungua uihesabu pia. Nitumie namba hizo, tukae nazo mimi na wewe.