Kudai fidia ya mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la kazini

Ndugu, umeuliza kama kaka yako, aliyechoronga miamba kwa miaka mingi na sasa anahema kila apandapo ngazi, anaweza kudai fidia ilhali kazi aliiacha zamani. Kuacha kazi zamani peke yake hakumnyimi haki hiyo. Mimi nilifanya kazi hiyohiyo, nikaugua silikosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la silika, madini yaliyomo katika miamba mingi, nikadai na nikalipwa.

Silikosisi sugu kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi la silika, na saratani ya utando wa mapafu itokanayo na asbesto huweza kuchukua miaka 20 hadi 50. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi huhesabu muda wa kudai tangu mgonjwa alipojulishwa ugonjwa na chanzo chake. Muda huo ukishaanza hauna huruma, kwa hiyo cheti chenye tarehe hiyo kitunzwe vizuri.

Kuthibitisha ugonjwa hakukunisumbua sana, kwa kuwa eksirei ilionyesha vinundu vidogo vidogo katika sehemu za juu za mapafu yote mawili. Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba vumbi lile nililivuta kwa mwajiri yule, ambaye alidai kuwa kumbukumbu za wafanyakazi hazipo tena. Nilitegemea hati za mshahara, taarifa ya michango yangu ya hifadhi ya jamii na maelezo ya kiapo ya wenzangu wa zamu. Katika maelezo ya kaka yako msiandike tu kwamba alikuwa mchimbaji. Andikeni kwamba alichoronga bila maji, ndani ya handaki, kwa zamu nzima, akiwa amejifunga kitambaa puani, na kwamba alipotoka nje kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayompa daktari msingi wa kuandika kwamba ugonjwa umetokana na kazi.

Jiandaeni kuambiwa kwamba ni kifua kikuu tu. Mimi nilimezeshwa dawa zake ingawa makohozi hayakuwa na vimelea, na hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Silika yenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu, hivyo kuwa na kimoja hakuondoi kingine. Wakileta hoja ya sigara, sigara huharibu mapafu kwa njia nyingi lakini haisababishi silikosisi.

Kiasi cha fidia mara nyingi hufuata asilimia ya ulemavu, na kipimo cha kupuliza hewa huchangia sana katika kuikadiria. Kwa kuwa silikosisi huweza kuendelea hata baada ya mtu kuondoka kwenye vumbi, kaka yako asitie saini karatasi inayosema kwamba malipo ni ya mwisho kabla mwanasheria au chama cha wafanyakazi hakijaisoma, na aulize mapema kama sheria yenu inaruhusu kupimwa upya hali ikizidi.