Anayemuuguza mama yake nyumbani, kweli "hajishughulishi"?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma ripoti inasema ukosefu wa ajira umeshuka, halafu aya ya chini yake wanasema wasiojishughulisha kiuchumi wameongezeka. Hivi hao si ndo walewale wasio na kazi? Na mdogo wangu aliacha kazi mwaka wa pili huu anamuuguza mama, ina maana na yeye hajishughulishi? Naomba unieleweshe."

Marahaba dada yangu, na poleni na kuuguza. Nianze na hilo neno lililokuchoma, maana hata mimi linanikera kila nikiliona kwenye ripoti.

Shughulisha ni kumfanya mtu awe na shughuli, ukipachika -ji- inakuwa mtu mwenyewe ndo anajitia kwenye shughuli, kwa hiyo ukikanusha, hajishughulishi, msikilizaji anaelewa kwamba nafasi ipo ila huyu mtu hataki kujisumbua. Sikiliza linavyotumika majumbani: "huyu kijana hajishughulishi kabisa, hata kuuliza wazazi wameamkaje hawezi." Hiyo ni lawama. Sasa mtakwimu alitaka tu kusema mtu hana ajira na pia hatafuti, hakuwa na nia ya kumlaumu mtu, lakini neno alilochagua limekuja na lawama yake ndani na huwezi kuitoa.

Kuna jambo la pili la sarufi ambalo watu wengi hawaliangalii. Ukisema kwa kukubali una nyakati zote, wanaotafuta, waliotafuta, watakaotafuta. Ukikanusha kwa kirejeshi, yaani ile -o- ya "ambao" ikiingia ndani ya kitenzi chenyewe, unabaki na umbo moja tu, wasiotafuta, na hilo halina wakati, wiki hii sawa, maisha yote sawa, ndo maana "asiyefanya kazi" inasikika kama tabia ya mtu au hata kama jina lake, wakati huenda mwezi jana tu alikuwa kazini. Linganisha na "hajapata kazi". Hiyo -ja- inasema bado, inategemewa, mambo yanaweza kubadilika. Kwa hiyo kwenye habari za watu na ajira mimi napenda kuandika "ambao kwa sasa hawatafuti kazi", ni ndefu kidogo ila inamrudishia mtu wakati wake.

Haya, tuje kwenye walewale. Hapana, sio walewale. Kwa vipimo vya Shirika la Kazi Duniani, ILO, mtu anahesabiwa hana ajira kama mambo matatu yapo pamoja: hana kazi ya kipato, ametafuta ndani ya wiki nne hivi zilizopita, na yuko tayari kuanza akiipata. Likikosekana la pili au la tatu anahamishiwa kundi jingine, nje ya nguvu kazi kabisa, maana nguvu kazi ni wenye ajira na wanaotafuta tu. Huko utamkuta mwanafunzi, mstaafu, mgonjwa wa muda mrefu, anayelea watoto au kuuguza, na yule aliyezunguka na vyeti mpaka akachoka. Wote kapu moja!

Na hapo ndo penye mtego wa ripoti yako. Chukua watu 100, 60 wana ajira, 10 wanatafuta, 30 wako nje. Asilimia ya ukosefu wa ajira haipigwi kwa 100, inapigwa kwa wale 70 wa nguvu kazi, 10 kwa 70 ni kama asilimia 14. Sasa watano kati ya wanaotafuta wakate tamaa wakae nyumbani. Wanabaki 5 kwa 65, hata asilimia 8 haifiki. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi, wenye ajira ni walewale 60, lakini kichwa cha habari kitasema ukosefu wa ajira umepungua karibu nusu, na kwa hesabu hakijadanganya. Ndo maana aya ya chini ni muhimu kuliko ya juu, na kiongozi anayepanga sera kwa kusoma aya ya juu peke yake atadhani tatizo linaisha wakati watu wamehamia tu kwenye safu nyingine ya jedwali.

Na "ajira" nayo ina mgongano wake. Kwetu sisi ajira iko ukoo mmoja na ujira na ajiri, mtu akisikia "ana ajira" anawaza kuna bosi na kuna mshahara. Kwenye takwimu hata aliyejiajiri yumo, na hata aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika wiki inayoulizwa anahesabiwa ana ajira. Saa moja! Kwa hiyo ukisoma "wenye ajira" usielewe moja kwa moja "wanaojitosheleza".

Sasa mdogo wako. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi wa nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya ILO wakatenganisha rasmi kazi na ajira. Ajira ni kazi ya malipo au faida, lakini kazi ni pana zaidi, na huduma unayompa mtu wa nyumbani kwako bila kulipwa, kumuogesha, kumlisha, kumpeleka kliniki, imo ndani ya kazi. Yaani hata kwa vipimo vya wenyewe mdogo wako anafanya kazi, ambacho hana ni ajira. Akiitwa mlezi, mwenye sera atauliza nani atampokea zamu, akiitwa asiyejishughulisha, atamwandalia semina ya kumhamasisha.

Ningekuwa mhariri wa hiyo ripoti ningeandika "walio nje ya soko la ajira", "nje ya nguvu kazi" nayo ni sahihi ila wengi wanaisikia kama kuishiwa nguvu, halafu ningewataja kwa sababu zao: wanaosoma, wanaougua, wanaouguza, waliostaafu, waliokata tamaa ya kutafuta. Na huyo wa mwisho aandikwe hivyohivyo, waliokata tamaa, na sio wasiotaka kazi, maana wengi wao ukiwauliza kama wanaitaka watakuambia ndiyo.