Njano kwenye bika, kijivu kwenye sufuria

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Igoma, Mwanza. Chuoni nilitengeneza chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) za madini ya fedha kwa kuchemsha nitreti ya fedha na kudondoshea sitreti (chumvi ya asidi ya limau), kisha nikapaka vyungu vya udongo vya kuchujia maji. Kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) la mililita 200 nilipata njano safi, na vyungu vilifanya kazi vizuri. Sasa nataka kuuza. Nimepika lita 20 kwenye sufuria, kila kitu nikakizidisha mara 100, ikatoka kijivu na kutuama. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ulizidisha dawa mara 100, lakini joto na mkorogo havikukufuata. Chombo cha umbo lilelile kikibeba ujazo mara 100, eneo la kuta zake huongezeka mara 21 na nusu tu. Kwa hiyo kila lita inapata joto kupitia ukuta ambao ni kama moja ya tano ya ule wa kwenye bika. Sufuria inachelewa kuchemka, na sitreti inajazana pale ilipodondokea kabla haijasambaa. Chembe nyingine zinazaliwa mapema, nyingine zimechelewa, ukubwa unapishana, zinashikana na kuzama. Ile njano ilitokana na chembe ndogo zilizoachana, zinazofyonza mwanga wa karibu nanomita 400. Ukiona kijivu, mara nyingi ujue zimeungana.

Ila kabla ya yote, maji ya lita 20 uliyatoa wapi? Chuoni bila shaka ulitumia yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa. Kama safari hii ulikinga bombani, anzia hapo. Maji ya bomba ya mjini yanatoka ziwani na hutiwa klorini ya kuua vijidudu, inayoacha kloridi. Kloridi hiyo ikikutana na fedha inatoa ukungu mweupe, nao ukipigwa na mwanga unageuka kijivu.

Usinunue pipa la kupikia, nakusihi. Vijana wengi wenye kazi nzuri ya maabara hukwama wanapofika kwenye pipa. Pika mikupuo ya lita moja moja, kumi kwa siku, kila mmoja na namba yake na muda wake wa kuchemka ulioandikwa. Ukishaizoea, jenga mrija mwembamba uliozungushwa ndani ya maji ya moto, vimiminika viwili vikutane kwenye kiungo cha T na kusafiri pamoja. Hapo kila tone linapita njia ileile kwa muda uleule. Ukitaka zaidi, endesha saa nyingi au ongeza mrija wa pili. Mteja ananunua mkupuo wa 30 unaofanana na wa kwanza, kwa hiyo pima kila mmoja kwa spektrofotometa (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa; omba muda chuoni kwako) na uhifadhi chupa yake gizani kwa miezi mitatu uone kama rangi itakaa.

Chungu nacho kina sehemu kubwa kuliko unavyodhani, maana udongo ndio unaochuja zaidi. Fedha inasaidia kuua vijidudu. Chekecha pumba za mpunga unazochanganya na udongo, zinazoungua tanurini na kuacha vitundu, ziwe za saizi moja, kisha pima kasi ya maji ya kila chungu: kati ya lita 1 na 3 kwa saa ni sawa, kinachozidi kitupe. Fedha inayotoka kwenye chungu na kuingia kwenye maji isipite miligramu 0.1 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Na jaribu kwa maji ya ziwa ya Kirumba au Igombe yenye mwani na tope, si ya maabara, maana yataziba chungu chako ndani ya siku chache usipoweka kitambaa juu yake.

Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, aliunganisha vifaa vya nano na kichujio cha mchanga ambacho watu walishakijua. Nawe uza chungu. Neno nano libaki kwenye maelezo.

SIDO (shirika la viwanda vidogo) watakusaidia mahali pa kazi, TBS (shirika la viwango) watataka vipimo vyako vyote, na BRELA (wasajili wa biashara na hataza za uvumbuzi) uwafikie kabla hujaonyesha utaalamu wako hadharani.

Zile lita 20 usizimwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia ziwani, na fedha ni sumu kwa samaki. Tia chumvi ya mezani, koroga, acha usiku kucha, kisha chuja mashapo uyahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, na uwaulize wa maabara ya chuo kama watayapokea.